Kamera Niliyoielekeza kwa Mume Wangu

Nimekosa. Nianze hapo hapo, nisije nikazunguka nikajipamba mbele yenu. Nimekosa mimi, si shetani, si jirani, si mtambo. Mkitaka kunitukana nitukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana mpaka matusi yameniishia.

Jina langu sitalitaja. Mjue tu kwamba ni mwanamke wa Arua, nakaa mtaa wa Oli, nauza vitenge sokoni. Nilizaliwa upande wa Kongo, mama akavuka mpaka na mimi nikiwa mdogo, ndiyo maana lugha yangu ya nyumbani ni Kiswahili. Mume wangu ni Mkakwa wa Koboko. Mimi Kikakwa changu kinaishia kwenye salamu, yeye Kilingala chake ni cha kuimbia tu, kwa hiyo mapenzi yetu yote yalifanyika kwa Kiswahili.

Ana duka la spea za pikipiki kule Koboko. Jumatatu anakwenda, Jumamosi anarudi na nyama ya kupika Jumapili. Tangu tuoane tunaishi hivyo, na sijawahi kulala njaa kwake hata siku moja.

Mtoto hatuna. Niliseme na hili mapema, maana bila hili hamtanielewa. Mimba zilishika, zikatoka, halafu zikaacha hata kushika. Kanisani wamama wakinisalimia, macho yanashuka kwanza tumboni ndipo yanapanda usoni. Nilizoea, lakini kuzoea siyo kupona.

Sasa wivu. Jamani, mimi nina wivu! Si ule wa kununa kidogo halafu unacheka. Wangu haunipi usingizi. Akichelewa kushika simu, napiga mpaka mara kumi. Akinunua shati jipya, nauliza nani amemwambia rangi hiyo inampendeza. Yeye alikuwa ananicheka tu. "Mukongo wangu," ananiambia, "wewe ungekuwa polisi, Koboko yote ingekuwa ndani."

Aliyenimwagia petroli ni jirani yangu wa sokoni, mama mmoja anayeuza viatu. Simlaumu, mdomo ni wake lakini masikio yalikuwa yangu. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, wateja hakuna, tunakula mihogo. Akaniangalia, akasema, "Mwanaume anakaa peke yake wiki nzima, na mtoto hana? Huyo ameshapata wa kumzalia. Wewe bado unalala tu."

Nilicheka. Haki ya Mungu nilicheka, nikamwambia bwana yangu hana mambo hayo. Lakini ule muhogo sikuweza kuumeza.

Hapo ndipo nilipopata akili ya kamera. Nilimwambia mume wangu ni kwa ajili ya wezi, na wezi kweli walikuwepo, kuna mtu alikuwa ameondoka na boksi zima la plagi. Akafurahi! Hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo. Aliniambia kwa simu, "Iko vizuri sana, asante. Wewe unanifikiria kuliko mimi mwenyewe." Nikajibu karibu, karibu, bila aibu.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa mjini, baba mwenye miwani na maneno mengi. Akanitolea za kila aina. Kwanza akanionyesha ile isiyo na waya, kichwa chake kinazunguka, ina masikio na ina mdomo. "Hii unaweza kukaa Arua ukamsalimia mtu Koboko," akasema, akaifanya igeuze shingo mbele yangu kunifurahisha.

Mimi nikaogopa. Kitu kinachogeuza shingo, mume wangu si angejua mara moja kwamba kinamfuata yeye? Na hiyo sauti, kama ningepiga chafya hapa sokoni ikasikika dukani?

Nikauliza nyingine. Akanitolea ya waya, jicho dogo tu, halisemi, haligeuki. Akanieleza kwamba waya unakwenda mpaka kwenye kisanduku cha kurekodia, na kisanduku kinashika kila kitu. "Ya waya haina kigeugeu," akasema. "Mtandao ukipotea, wewe kwenye simu utakwama, lakini kisanduku kitaendelea kuweka. Ukirudi utakuta yote. Ila sauti haina, mama."

"Sauti ya nini?" nikamjibu. "Mimi nataka kuona."

Akaniangalia juu ya miwani. Sijui alielewa nini. Akafunga mzigo.

Tulikwenda naye Koboko, mume wangu akatupokea kwa soda na chapati. Fundi akapanda ngazi, akanyoosha waya pembeni ya dari, akaufunika na mfereji mweupe wa plastiki ili panya wasiutafune, akautenga na waya wa umeme, kazi safi kabisa. Kisanduku akakiweka rafu ya juu nyuma ya makatoni ya tyubu, akakiunga na betri ya sola kwa sababu umeme wa kwetu mnaujua, na modemu ya laini pembeni, na televisheni ndogo ile mume wangu anayoangalizia mpira.

Ikabaki kuweka jicho. Fundi akasema liwekwe juu ya kaunta, litazame mlango. "Kila anayeingia unampata uso," akasema.

Mimi nikasema hapana. Nikataka liwekwe juu ya mlango, litazame kaunta. Pale anapokaa mume wangu.

"Mama, hapo utaona migongo tu," fundi akasema akiwa juu ya ngazi. "Utamkamata mwizi kwa mgongo?"

Nikajifanya mjuzi. Nikamwambia likitazama mlango, jua la nje litaharibu picha, nyuso zitakuwa nyeusi. Akasema hilo si tatizo, atalisogeza upande kidogo. Nikamwambia duka ni letu, aweke ninapotaka. Fundi akamgeukia mume wangu, na mume wangu, maskini, akasema, "Sikiliza mama. Yeye ndiye anajua." Likafungwa juu ya mlango, likimtazama yeye.

Mtacheka, lakini siku za mwanzo nilimpenda upya. Nilikaa kibandani kwangu Arua na simu kwenye mapaja, namwona anavyopiga miayo. Namwona anatafuta nati, haipati, anajikuna kisogo, kumbe iko mkononi. Mchana anakula maharage peke yake, akimaliza anafunika sahani nzi wasije. Moyo wangu ulikuwa unalainika mpaka nataka kulia. Nilijiambia, ona huyu mtu wa Mungu ulivyomfikiria vibaya.

Ningezima simu siku hizo, leo nisingekuwa naandika.

Kisha akaja mwanamke.

Niliona mgongo wake. Mgongo mwembamba, shingo ndefu, amesuka nywele vizuri. Aliingia, na mume wangu akasimama. Mume wangu hasimami kwa ajili ya mteja, hata mkubwa wa polisi akija anamjibu akiwa amekaa! Kwa huyu alisimama, akazunguka kaunta, akamletea kigoda, akakipangusa kwa mkono wake. Mwanamke akakaa bila kuharakisha.

Wakaongea. Mimi naona midomo ya mume wangu tu inavyokwenda. Anaongea kichwa kikiwa chini, taratibu, kama mtu anayebembeleza. Mara mwanamke anatikisa kichwa kukataa, naye anabembeleza tena. Jamani, nilihisi moto kutoka miguuni mpaka kichwani! Mimi mwenyewe kunibembeleza hivyo alifanya lini mara ya mwisho?

Mteja akaniuliza bei ya kitenge, nikamwambia nenda.

Wakati wa kutoka, mume wangu akatangulia kumsindikiza, akamziba uso. Siku zikapita akarudi tena. Halafu tena. Siku moja wakaletewa chakula, mume wangu akamnawisha mikono! Akamshikia birika, akamwagia maji, akampa taulo. Mimi nilisimama pale sokoni nikakaa, nikasimama tena. Mama wa viatu akaniuliza kama ni malaria.

Sasa mngeniuliza, kwa nini hukumuuliza? Nilimuuliza! Lakini nilimuuliza kwa ujanja, maana ningemuuliza wazi angejua kwamba namchungulia. Jioni nikampigia.

"Mzee, habari ya duka?"

"Iko nzuri. Wateja kidogo tu."

"Na wageni?"

"Hapana mgeni. Iko anti tu alipita."

Anti! Akaisema hivyo hivyo, kirahisi, halafu akaniuliza kama nimekula.

Nyie wa huku mnajua neno hilo lilivyo. Anayekuletea chai hotelini ni anti. Anayesuka nywele ni anti. Wale wasichana wa baa, wote ni anti. Hata mimi sokoni wananiita, "Anti, punguza basi!" Na kwetu upande wa Kongo, dada ya baba tunamwita tantine, hakuna anayesema anti. Kwa hiyo mimi nilisikia nilichosikia. Nilisikia ana msichana, na hana hata aibu ya kumficha.

"Anti wa wapi huyo?" ningeuliza hivyo tu, basi. Sikuuliza. Nilisema sawa, usiku mwema, nikatupa simu kitandani.

Jumamosi alipokuja nikamnunia. Aliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Akanichemshia maji ya kuoga. Jumapili kabla ya kanisa akaja kwenye mzigo wangu wa vitenge, akapekua, akasema, "Nipe moja nzuri sana. Iko mutu nataka kumpa." Nikamuuliza nani. Akacheka, akasema, "Ngoja. Ikikamilika nitakuambia. Utafurahi."

Nikampa. Kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, cha kwanza katika mzigo ule, nilikuwa nimejiwekea mimi mwenyewe. Nikajidanganya kwamba labda ni cha mama yake.

Mnajua niliona wapi kitenge changu tena? Mnajua! Jumatano, kwenye simu, mgongoni mwa yule mwanamke! Ndege wangu wa manjano wamekaa vizuri kwenye kiuno chake, na mume wangu anamtazama anatabasamu mpaka ule mwanya wa meno yake unaonekana.

Nilitoa sauti pale sokoni, watu wakageuka. Mwanamke mwingine na kitenge changu! Nilichochagua mimi, kwa macho yangu, kwa safari yangu!

Halafu ndipo likatokea lile. Mwanamke akasogeza kigoda mbele. Mume wangu akainama juu ya kaunta. Yule mwanamke akamshika kichwa kwa mikono miwili, pande zote mbili, hivi, akamvuta, akapeleka mdomo wake.

Na picha ikaganda.

Mtandao ulikatika. Nikabaki na ile picha moja, kichwa cha mwanamke kimefunika uso wa mume wangu, mikono ya mwanamke masikioni mwa mume wangu. Nikabonyeza, haisogei. Nikanyanyua simu juu kutafuta mtandao, haisogei. Nikaitazama ile picha mpaka nikaweza kuhesabu ndege wa mgongoni. Kama kuna mtu amewahi kuchemshiwa roho, ndiyo mimi siku ile.

Mama wa viatu akachungulia begani kwangu. "Si nilikuambia," akasema. Nikamwachia kibanda, nikaenda stendi nikiwa na kandambili.

Njia ya Koboko sikuiona. Maracha nilipita sijui saa ngapi. Ndani ya gari nilikuwa nimefungua ile picha, nikiona moyo unataka kupoa naitazama tena ili uwake. Hilo ni la kutubu peke yake. Ningeweza kupoa, nikakataa.

Nilipofika, walikuwa bado wako pamoja. Wanakula sasa, sahani moja, wali na kuku. Mgongo ule ule, kitenge kile kile. Mume wangu akaniona akasimama, na niseme ukweli, uso wake ulifunguka kwa furaha. Alidhani nimekuja kumtembelea. Akasema, "Eh! Mukongo! Umekuja wakati mzuri kabisa!"

Wakati mzuri! Nilimshika yule mwanamke kitenge kiunoni nikakivuta kwa nguvu zangu zote. "Vua! Vua kitu yangu, malaya wewe! Unalala na bwana ya mutu na nguo ya bibi yake umevaa? Huna haya? Malaya! Malaya wa Koboko!"

Kigoda kikaanguka, na yeye akaanguka nacho. Sahani ikamwagika. Wale vijana wa bodaboda walio nje wakaja mlangoni, wanawake wa nyanya wakaja, barabara yote ikaja. Mimi nikaendelea. Nilisema maneno ambayo mama yangu akiyasikia angenikana.

Ndipo yule mwanamke akainua uso.

Mungu wangu. Ulikuwa uso wa mume wangu. Paji lile lile, macho yale yale yaliyozama kidogo, na mdomo ulipofunguka kwa mshangao, mwanya ule ule wa meno. Kama mtu amemchukua mume wangu akamfanya mwanamke. Nikaachia kitenge. Mkono wangu uliachia wenyewe.

Hakulia, hakunitukana. Alimtazama mume wangu, akauliza kitu kwa Kikakwa. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Ndipo akanigeukia na Kiswahili chake cha kuunga unga.

"Wewe ndiye bibi yake," akasema akiwa bado sakafuni. "Mimi iko anti yake. Baba yake na mimi, baba moja."

Anti. Dada ya baba! Shangazi kamili, mtoto wa mwisho wa babu kwa mke wa mwisho, mdogo kuliko mume wangu kwa umri. Alikulia Sudani wakati wa kukimbiakimbia, hakuwepo kwenye harusi yetu, mimi sijawahi kumwona hata kwenye picha.

Hata wale vijana wa pikipiki walitazama chini, mjue mambo yalivyoharibika.

Mume wangu hakunipiga. Hakupiga hata kelele. Alimwinua shangazi yake, akampangusa wali kwenye nguo. Halafu akavuta kiti mbele ya ile televisheni ndogo, akaniambia kaa. Nikakaa. Akawasha kisanduku, akarudisha nyuma. Kila kitu kilikuwepo, kama fundi alivyosema.

"Wewe ulitaka kuona," akasema. "Sasa ona yote."

Nikaona. Mbele ya watu wote nikaona. Yule mwanamke anamshika kichwa, anamvuta, kichwa chake kinafunika uso wa mume wangu. Pale kwangu ndipo picha ilipokwama. Lakini kwenye kisanduku iliendelea. Kichwa cha mwanamke kinasogea kidogo, kumbe mdomo uko kwenye paji la uso. Anamwachia, anachukua kikombe cha maji, anajaza mdomo, anampulizia maji usoni na kifuani, fuuu! Mume wangu amefumba macho. Maji yanamtiririka, naye analia. Mwanaume mzima, analia. Kisha wote wawili wanacheka, na anajipangusa na shati.

Mama mmoja wa nyanya nyuma yangu akasema polepole, "Alikuwa anambariki."

Ndiyo, alikuwa anambariki. Mume wangu akanieleza baadaye, kwa maneno machache kama mtu anayelipa deni asilolipenda. Kwao, shangazi asipomfungulia moyo mke aliyeolewa, nyumba inakauka, watoto hawapatikani. Sisi tulioana tukampita, hakuna aliyemtumia hata salamu, na alipotoka Sudani akasikia, akaumia. Wazee ndio waliomwambia mume wangu, nenda kwa shangazi yako. Ndiyo akawa anambembeleza. Ndiyo kigoda, ndiyo maji ya kunawa, ndiyo kitenge. Siku ile ndiyo alikuwa amekubali. Amembariki yeye kwanza, na Jumamosi ilikuwa waje Arua wote wawili, anibariki mimi. Tumbo langu.

Alikuwa amekwenda kuniombea mtoto, nami nikamwita anayeniombea malaya, mbele ya barabara nzima!

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia iko anti."

"Lakini hukuniambia habari ya kubariki."

"Niliogopa utacheka."

Na alikuwa na haki ya kuogopa, maana nilishawahi kucheka. Kuna mzee wa kwao aliwahi kumpulizia maji mtoto wa jirani, mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta, nikamwambia, "Nyinyi watu wenu mnaoshana kwa mate!" Yeye siku hiyo alicheka pia. Sikujua kwamba aliyaweka moyoni.

Nikawaza pia habari ya ule mlango. Ningemwacha fundi aweke jicho pale alipotaka, siku ya kwanza tu ningeuona uso wa yule mwanamke. Mtu yeyote angejua ni damu moja, hata mtoto. Lakini mimi sikutaka kuona nani anaingia. Nilitaka kumwona mume wangu akikosea.

Jumamosi hiyo hakuja Arua. Wala iliyofuata. Nikipiga simu anashika, anajibu salamu, ananiuliza kama chakula kipo, anakata. Heri angenitukana! Yule mtu wa kucheka ameniambia "asante" na "sawa" mpaka nimeyachukia hayo maneno. Kamera hakuiondoa. Nilifungua mara moja nikamwona amekaa, akainua macho akanitazama moja kwa moja kwenye lile jicho, wala hakukasirika, alinitazama tu. Nikazima. Sijawahi kufungua tena.

Nikaenda kumwomba shangazi msamaha. Mchungaji wetu alinipa mama mmoja wa kanisa anisindikize, nikabeba sukari, sabuni, na kuku, nikaenda mpaka nyumbani kwao nje ya Koboko. Nilipiga magoti kuanzia kwenye ua. Sikusubiri kuambiwa.

Shangazi akatoka. Na hapa ndipo nilipojiona mdogo kabisa, kwa sababu hakunitesa hata kidogo. Alinishika mkono akaniinua, akaniambia magoti yataumia na changarawe. Akanipikia. Tukala. Akacheka mwenyewe akikumbuka alivyoanguka na kigoda. "Wewe iko na nguvu," akaniambia. "Mimi nilifikiri iko ng'ombe imeingia dukani." Nililia na chakula mdomoni. Akasema yamekwisha, hakuna kitu moyoni mwake, na kama nataka, atanibariki siku hiyo hiyo.

Nikasema nataka. Jamani, nilitaka kweli!

Akatandika mkeka ndani. Akaleta maji kwenye kikombe. Akasema hii ya tumbo haifanywi kwa mtu mmoja, lazima mke na mume wakae pamoja, bega kwa bega, awapulizie kwa pumzi moja. Akamwita mume wangu. Kumbe tulipokuwa tunakula shangazi alikuwa ametuma mtu kumwita, naye ameshafika, yuko nje anafunga kitu kwenye pikipiki. Akaja mpaka mlangoni, akasimama pale, kofia mkononi.

"Njoo ukae karibu na bibi yako," shangazi akamwambia. Akanyanyua kikombe, akajaza maji mdomoni, mashavu yakafura. Akampungia mkono, njoo, kaa.

Mimi nilikuwa nimeshakaa. Nilikuwa nimesogea upande mmoja ili nimpishe.

Mume wangu alitazama mkeka. Akanitazama mimi. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo baya.

"Anti ulimtukana bila kumjua," akasema. "Hiyo imekwisha, yeye mwenyewe amesamehe. Lakini mimi ulikuwa unanijua."

Akavaa kofia akatoka. Tukasikia pikipiki ikiwaka, ikaenda.

Shangazi alibaki na maji mdomoni. Alisubiri. Alinitazama, akatazama mlango, akasubiri tena, labda atarudi. Mama wa kanisa alikuwa amejifunika uso na leso. Hatimaye shangazi akayameza yale maji.

Bado mimi ni mke wake, hajasema vinginevyo. Chakula analeta mtu. Yeye haji.

Nyie mnaosoma, wenye moyo kama wangu, wanawake kwa wanaume, nawaonya. Kamera nunueni, wezi wapo, na iwekeni itazame mlango. Lakini kama unayetaka kumkamata ni mtu wako mwenyewe, shuka kwenye ngazi. Muulize kwa mdomo wako, kwa neno zima, ukubali akuone kwamba una wivu. Aibu ya wivu inapita. Mimi nilikataa aibu hiyo ndogo, nikaenda kuchukua kubwa mbele ya Koboko nzima.

Na msiwasikilize wanaowachungulia begani.

Mkitaka kuniombea, asanteni. Zamani ningewaambia niombeeni mtoto. Sasa hivi mtoto siombi. Niombeeni tu siku moja aje akae karibu yangu kwenye ule mkeka.